Dau la Mgongo na Mlango wa Mwisho wa Boma

Fundi wangu Shabani,

Barua zote nilizowahi kuandika zilianzaga na hujambo, halafu mimi sijambo, halafu hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali. Ndivyo tulivyofundishwa, na mimi darasa la sita sikulimaliza, kwa hiyo sikufika kwenye somo la kumwandikia mtu aliyelala makaburini. Hujambo sikuulizi. Ukinijibu nitakimbia mpaka Bunda kwa miguu. Nakwenda kwenye habari moja kwa moja: ule mlango wa mwisho wa boma umefunguka. Nimeona kilichoko nyuma yake kwa macho yangu, na dada yako Zuhura ni shahidi.

Tulia. Usinihimize. Ulikuwaga na tabia ya kunikatiza kila nikianza kunoga, "Magesa, fika Musoma, bado uko Bunda." Leo huna namna ya kunikatiza, nitapita njia ndefu.

Kwanza nikukumbushe nani alikileta kile kidude cha mchezo Musoma, maana huko uliko najua unawaringia malaika kwamba ni chako. Ni mimi. Mimi Magesa wa Nyasura, mtu wa kwanza Bunda nzima kufungua robota la mitumba hadharani bila kugeuka kuangalia kama mgambo anakuja. Wapo wanaosema walinitangulia. Waongo. Siku zile ruksa ya mitumba ilikuwa bado mbichi, watu wanashika shati jipya kwa woga kama wanashika nyoka, wanauliza kwa sauti ya chini, "Hili mtu anaruhusiwa kulivaa barabarani?" Ndani ya robota moja la makoti mazito, ya watu wanaoishi kwenye barafu, nikaingiza mkono mfuko wa ndani nikatoa kitu cha kijivu, ukubwa wa kipande cha mche wa sabuni, kina kioo kidogo na vitufe. Nikakiweka sikioni. Kimya. Mimi niliyefika Nairobi na Kampala, niliyekula samaki wa chumvi Mombasa nikasema sato wetu ni mtamu zaidi, kitu kile kilinishinda.

Nikapanda basi nikaja kwako Musoma, mtaa wa Mukendo, kwenye chumba chako cha kutengenezea redio, nikakirusha mezani. "Fundi, redio ya Wazungu hii, imekufa." Ukakigeuza, ukakifungua mgongo, ukanusa kama unavyonusaga kila kitu, ukasema, "Mura, hii si redio. Na haijakufa, ina njaa tu."

Njaa yenyewe ilikuwa ya betri ndogo kama kidole, na madukani wakati huo tulikuwa na yale mabetri makubwa ya tochi peke yake. Mtu mwingine angerudisha kitu kwenye koti. Wewe ulichonga kasha la mti, ukapanga betri kubwa humo, ukavuta waya mbili mpaka kwenye mgongo wa kidude. Mchezo wetu ukawa na mkia. Zikichoka, ulikuwa unazianika juu ya bati pamoja na dagaa wa Zuhura, zipate jua zirudishe nguvu, na dada wa watu akawa anafukuza kunguru kwenye dagaa na betri kwa fimbo moja, akilalamika kwamba kunguru wana akili kuliko sisi, wao betri hawazigusi.

Halafu kioo kikawaka, na humo ndani akasimama kijana mdogo mwenye mjeledi, mbele ya lango la boma kubwa la mawe. Nyuma yake mwezi. Popo wanapita.

Sijui nimwelezeje mtu ambaye hakuwepo. Lile lilikuwa boma la mashetani, usiku mtupu, makaburi, ngazi zinazoshuka kwenye maji meusi, na kioo chenyewe hakikuwa na taa hata chembe. Ukiingia nacho ndani huoni kitu. Ili uone giza la boma ilibidi ukae nje jua likiwa utosini. Basi tukawa tunaitoa ile meza yako ya kazi mlangoni, tunakaa juu yake bega kwa bega, jasho linatutiririka, tunaogopa usiku wa watu wengine saa saba mchana.

Maandishi yake yalikuwa kama kuku wamepita kwenye tope, ya Kijapani ulisema wewe, ingawa hukuwahi kumwona Mjapani zaidi ya jina lake kwenye redio. Kwa hiyo kila kitu tukakibatiza wenyewe. Kijana tukamwita Chacha, kwa sababu ulisema hakuna mtu mwingine angeingia boma la wenyewe usiku na mjeledi wa kuswagia ng'ombe peke yake. Ile mifupa inayotembea ikirusha mifupa mingine tukaiita mapanki, kama yale mabaki ya sangara kutoka viwanda vya minofu, kichwa na mgongo, nyama imekwenda Ulaya. Lile jitu la joho jeusi lenye mundu, linalotokea ukiwa umebakiza damu kidogo, likawa Mkaguzi. Na mbali kabisa, juu ya mnara, nyuma ya mlango mkubwa ambao hatukuwahi kuuvuka, akakaa Mwenye Boma mwenyewe.

Watu waliniuliza, na wananiuliza mpaka leo, watu wazima wawili mlikuwa mnapata nini humo. Mimi nawajibu kwa majigambo, unanijua. Wewe jibu lako lilikuwa zuri zaidi. Ulisema michezo mingine inakusukuma mbele kama foleni ya duka la ushirika, huruhusiwi kurudi, ukitoka umepoteza nafasi. Lile boma lilikuruhusu kurudi. Mwanzoni kabisa tuliona dirisha juu, na Chacha hafiki. Tukapita. Baadaye sana, chini kwenye mapango, akaokota viatu vya kuruka, na wewe hukushangilia, ukasema taratibu, "Lile dirisha." Tukarudi njia yote, mapanki wanatupiga, mpaka pale, na Chacha akaruka akashika ukingo. "Unaona, Magesa. Mlango uliofungwa haujakukataa. Umekwambia rudi." Nililiiba neno hilo nikalitumia kwa afisa mmoja wa leseni. Hakulipenda.

Lakini raha yako kubwa ilikuwa kuta.

Nani asiyejua kwamba Shabani alikuwa fundi wa redio mchana, na siku za msako wa walanguzi akawa fundi wa kuta? Wenye maduka walikuja kwako na sura za msiba: ficha hii, fundi, ficha na hii. Wengine walichimba mashimo, wengine walitupa sabuni ziwani, nikasema sato wataoga mwaka mzima. Wewe uliwajengea kuta mbili zenye nafasi katikati, unapaka udongo na majivu hata mwenye nyumba mwenyewe hajui augonge wapi. Ulijua ukuta mzima unavyolia na ukuta wenye tumbo unavyolia. Basi siku moja Chacha kafika kwenye kichochoro kisicho na kitu, mimi nasema turudi, wewe ukasema, "Ngoja. Nani anajenga kichochoro cha bure?" Ukapiga ukuta kwa mjeledi. Ukapiga tena. Ukuta ukaporomoka, na ndani yake paja zima la nyama, limeokwa, juu ya sahani, la kumrudishia Chacha damu.

Ulicheka mpaka waya ukachomoka. "Hawa waliotengeneza na wao walipitiwa na msako." Na Zuhura aliyekuwa anapita na ungo akainama akatazama, akauliza jambo moja tu: "Nyama ya ukutani. Nani kachinja?"

Kuanzia siku hiyo hakuna ukuta uliosalimika. Na kuanzia siku hiyo tukaanza kubishana juu ya mlango wa mwisho. Mimi nilisema, fundi, nyuma ya Mwenye Boma kuna chumba kingine, na nyuma ya hicho kingine, mimi nimetembea dunia, ukifungua mlango unakuta mlango. Wewe ukasema hapana. Boma lolote lina nje, na kama Chacha aliingia usiku basi nje kutakuwa asubuhi. Asubuhi, ulisema, kwa uhakika, kama mtu aliyeletewa barua na Mwenye Boma. Nikataka tuwekeane dau la kitu. Ukasema kamari ni haramu, ila mgongo si haramu: atakayeshindwa atambeba mwenzake mgongoni kutoka stendi mpaka ziwani, kupitia sokoni, mchana, watu wakiona. Ulichagua hilo kwa makusudi. Ulijua nilianza maisha kwa uchukuzi pale pale stendi, na nikaapa siku niliyonunua robota langu la kwanza kwamba mgongo huu hautabeba tena kitu mbele za watu. Nikakubali. Mimi sishindwagi.

Halafu kifua chako kikaanza.

Hapa sitakaa. Nilikuja hospitalini kila mnada wa Butiama ukipita, na soda, na uongo mpya. Siku ile ya mwisho sauti yako ilikuwa imekwisha. Ulinyoosha mkono ukagonga ukuta wa wodi kwa kifundo cha kidole, ukatega sikio, ukanitazama. Nikacheka. Nikasema, "Fundi, humo hamna nyama, hapa hata maharage yanakuja yamefichama kwenye maji." Ukatabasamu. Ukagonga tena. Nikadhani tunataniana, na kweli tulikuwa tunataniana, lakini wewe ulikuwa unafanya mambo mawili kwa pamoja kama kawaida yako.

Siku ya kukuzika, desturi yenu ni kupokezana jeneza, kila mtu hatua chache apate thawabu. Mimi nilishika mti wa mbele sikuuachia. Wakanigusa, "Bwana, pokezana." Nikajifanya kiziwi. Mmoja akasema huyu si hata Mwislamu, mwingine akasema mwache, huyu ni wake. Nikaenda nalo mpaka mwisho. Bega langu la kulia mpaka leo mvua ikikaribia linaniambia.

Baada ya arobaini vitu vyako vikatolewa nje kugawanywa. Redio zote zipo, koleo, kipima umeme, kofia zako. Kasha la betri lipo. Mchezo haupo. Shabani, nilitafuta kama kichaa. Nilikuwa nimekuahidi pembeni ya kitanda kwamba Chacha atafika kwenye mlango ule, na Chacha mwenyewe nilijua yuko wapi: ulimwacha kwenye chumba kile cha kupumzikia, chini ya mnara, pale ambapo mchezo unakukumbuka hata ukiuzima. Amekaa pale anatungoja. Na mimi simwoni. Ndugu zako wa kijijini Murangi wakasema labda uliuuza. Nikawaambia mtu hauzi rafiki akiwa hajafika. Hawakunielewa, wakanipa kofia.

Mwenye nyumba akataka chumba chake. Anataka kuweka friji ya soda na kuuza kaseti. Siku ya kutoa meza, mimi na Zuhura tumesimama mle ndani, patupu, kuta zimebaki na alama za rafu. Zuhura anafagia. Mimi nimeegemea ukuta, sina hata utani, na bila kufikiri nikagonga kwa kifundo. Ukalia mzima. Nikakumbuka wodi.

Nilianza kwenye kona ya mlango. Nikawa nagonga, natega sikio, nagonga. Mwenye nyumba akamuuliza Zuhura, "Huyu ana nini?" Zuhura akasema, "Anatafuta nyama." Na akaweka ufagio chini, akaanza kugonga ukuta wa pili. Dada yako, Shabani, aliyekuwa anauita mchezo wetu upuuzi wa mashetani, alikuwa anagonga kwa utaratibu kuliko mimi, anashuka kama mtu anayepanda mtama. Ni yeye aliyesema, "Magesa, njoo usikie hapa."

Nyuma ya pale ilipokuwaga rafu ya redio mbovu, ukuta una tumbo.

Ulikuwa umeuziba na kipande cha ubao na udongo na majivu, safi kabisa. Nilipopiga na ngumi ulianguka kama ule wa kwenye kioo, naapa. Ndani, kwenye mfuko wa sukari, umefungwa na uzi, mchezo wetu, umetolewa waya wake usiliwe na kutu. Na chini yake mche wa sabuni ya kufulia, mkavu, umepasuka kama kisigino, wa miaka ya msako. Zuhura aliuchukua ule mche akakaa nao sakafuni. "Hii sabuni," akasema, "nilimsumbua mwezi mzima, akasema ameizamisha ziwani." Akacheka na kulia vikapishana, na mimi nikamsaidia yote mawili. Mwenye nyumba naye alianza kugonga kuta zilizobaki. Simlaumu.

Tukaitoa meza nje mlangoni, jua likiwa utosini. Nikafunga waya. Betri zilikuwa zimelala, lakini Zuhura alikuwa nazo juu ya bati tangu ulipoondoka. Sikumuuliza kwa nini. Alisema tu kwamba kunguru wameshazizoea.

Chacha alikuwepo. Pale pale.

Sitakudanganya kwamba nilimshinda Mwenye Boma mara ya kwanza. Nitawadanganya wengine. Alinipiga, akanipiga, akageuka popo akanipiga. Zuhura ameinama nyuma yangu, kitambaa chake kinanipa kivuli nisichokitaka, anasema, "Ruka. Mbona huruki? Shabani angeruka." Watu wakakusanyika. Muuza maji akaweka ndoo chini. Nikampeleka Chacha nyuma, nikagonga ukuta mdogo karibu na mlango, ule uliokuwa umenionyesha kabla hujaugua nikasema huna akili, nyama ikatoka, damu ikajaa, tukarudi. Na safari hii Mwenye Boma akapiga magoti, akawaka, akawa vumbi.

Nyuma yake palikuwa na mlango mdogo wa kawaida. Nikamsimamisha Chacha mbele yake. Zuhura akasema, "Pita basi."

Chacha akapita. Akasimama juu ya kilima. Nyuma yake boma likawa linabomoka jiwe kwa jiwe, taratibu, na kioo kile cha kijani, ambacho miaka yote kilikuwa na anga nyeusi, kikaanza kuwa cheupe kutoka chini. Kikaendelea kuwa cheupe. Ndege wawili, vidoti tu, wakapita.

Asubuhi, Shabani.

Muuza maji alisema, "Kumekucha," akabeba ndoo zake akaenda.

Mimi, kwa kuwa sishindwagi, nikageuka kwa Zuhura nikasema vizuri, Shabani kashinda, lakini dau nililitimiza zamani: nilimbeba mpaka makaburini bila kupokezana, kila mtu aliniona. Nilisema kwa sauti, nilidhani nimemaliza. Zuhura akanitazama vile mlivyorithi wote wawili kutazama. "Ulimbeba kwa bega," akasema. "Dau lilisema mgongo. Na hukupitia sokoni."

Kwa hiyo niliinama. Nilibeba meza yako, fundi, ile nzito ya mvule yenye makovu ya chuma cha moto, niliibeba mgongoni na kamba kipajini kama zamani, nikaanzia stendi ili asitokee mtu wa kusema nimepunguza. Zuhura mbele, ameshika mchezo na mkia wake kama anaongoza harusi. Vijana wa stendi wakaanza, "Bosi wa mitumba karudi kazini." "Magesa, robota limefilisika?" Nikawajibu, "Namtembeza Shabani." Wakanipisha njia. Halafu sokoni, kwenye meza za samaki, za furu na gogogo, yule mama mnene uliyekuwa unamkimbia miaka yote akasogea, akaigonga ile meza mgongoni kwangu kwa kifundo, akaiambia, "Shabani, redio yangu bado haijapona." Soko zima lilicheka. Mimi nilicheka mpaka nikapiga magoti, wakanisaidia kuinuka, hakuna aliyejaribu kunipokea.

Niliishusha ziwani, miguu yake miwili ndani ya maji. Tukakaa juu yake mimi na dada yako. Mgongo uliniuma vizuri sana.

Sasa meza iko kwa Zuhura, anaanikia dagaa juu yake, na betri pembeni. Sabuni amekataa kuifulia. Chumba chako kinauza kaseti na kila ukuta wake una tundu la mwenye nyumba. Mchezo uko na mimi, maana ni mimi niliyeuleta, hilo sitachoka kulisema. Na nina jambo la mwisho la kukwambia: ile ramani ya boma inayojichora ndani ya mchezo haijajaa. Nimeitazama juani vizuri, pale chini, upande wa maji meusi, kuna kona moja bado nyeusi, na kichochoro kinachofika karibu yake halafu kinakoma bila sababu. Nani anajenga kichochoro cha bure?

Nimeuwasha mchezo upya, boma limesimama tena, nimerudi na Chacha mpaka langoni. Nakuahidi nitafika kona ile, nitagonga polepole, na nitatega sikio. Pumzika, fundi wangu. Nikikuta nyama, nitamuuliza kwanza Zuhura nani kachinja.

Wako katika kugonga kuta,

Magesa